Mapambo ya Krismasi ya kutengeneza nyumbani na watoto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Novemba ikifika mwisho, wazazi, walezi na walimu huniuliza maswali yaleyale kuhusu mapambo ya Krismasi. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yangu, baada ya miaka 12 ya kukaa mezani na watoto wangu na wa ndugu zangu, gundi ikiwa imetuganda vidoleni. Msimamo wangu utauona kila mahali: pambo ni la mtoto, na alama ya mkono wake ndiyo inayolipatia thamani.

Mtoto aanze akiwa na umri gani?

Akiwa na miaka 2 tayari ana kazi ya kufanya. Mpe karatasi za rangi azichane vipande, kisha abandike kwenye kadibodi uliyoikata umbo la mti. Vipande vilivyochanwa kwa mkono huwa na kingo za manyoyamanyoya, na kwa macho yangu hupendeza kuliko vilivyokatwa. Mtoto wa miaka 4 au 5 anaweza kushika mkasi wa ncha butu na kufinyanga. Kuanzia miaka 6 hukunja karatasi kwa kufuata mstari na hushona kwa sindano butu. Wa miaka 9 kwenda juu waachie nyota ngumu, na usisimame nyuma ya bega lao.

Kosa ninaloliona sana ni kumpa mdogo kazi ya mkubwa, halafu mtu mzima akaishia kuifanya yeye huku mtoto akitazama.

Tunahitaji vifaa gani?

Vichache. Karatasi, kadibodi za maboksi, mkasi, gundi, uzi, rangi na unga. Kabla ya kununua chochote, zungusha macho nyumbani: magazeti, karatasi za peremende, vifungo vya nguo kuukuu, vitambaa vilivyobaki kwa fundi, miviringo ya ndani ya karatasi za chooni. Anza kuviweka kando mwezi mmoja kabla.

Mwanangu hukata vibaya, karatasi inatafunika. Tatizo ni nini?

Tazama kidole gumba chake. Kinatakiwa kiwe juu, kielekee dari. Kikielekea pembeni au chini, mkono mzima hupinda na mkasi hutafuna. Mfundishe pia kuzungusha karatasi badala ya kuzungusha mkasi: mkono wa mkasi unabaki mbele ya kifua, na mkono wa pili ndio unaoigeuza karatasi polepole.

Ikiwa anatumia mkono wa kushoto, huenda kosa liko kwenye mkasi. Mkasi wa kawaida umeundwa kwa mkono wa kulia. Ukishikwa kwa kushoto, vidole husukuma makali yaachane badala ya kubanana, na ubapa wa juu wa mkasi unauziba mstari anaotakiwa kuufuata. Mtafutie mkasi wa mkono wa kushoto na utaona tofauti siku hiyohiyo. Nimewahi kumwona mtoto aliyeambiwa kwa miaka miwili kuwa ni mzembe, kumbe alikuwa akipigana na chuma.

Tunataka kuanza na kitu chepesi. Tuanze na kipi?

Mnyororo wa karatasi. Kata karatasi ya A4 kwa upana wake, vipande vya sentimita 3. Ukurasa mmoja unatoa vipande 9 vyenye urefu wa sentimita 21. Kunja kimoja kiwe pete, ncha zipandane kwa sentimita moja, gundi, kinachofuata pitisha ndani ya pete ya kwanza, gundi, na kuendelea. Kurasa mbili hukupa pete 18, yaani mnyororo wa mita moja na ushee, hivyo unaweza kupiga hesabu ya chumba chako mapema.

Kuna namna ninayoipenda zaidi. Tengeneza pete 24, na ndani ya kila pete mtoto aandike au achore jambo dogo la kufanya siku hiyo: kumpigia bibi simu, kupamba mlango, kuimba wimbo mmoja. Kuanzia tarehe 1 Desemba anakata pete moja kila jioni. Mtoto asiyejua bado kusoma kalenda huona kwa macho jinsi siku zinavyopungua.

Gundi imeisha. Naweza kutengeneza yangu?

Ndiyo, na ni salama kwa wadogo. Koroga kikombe 1 cha unga wa ngano katika kikombe 1 cha maji baridi mpaka madonge yaishe. Chemsha vikombe 3 vya maji, mimina ule mchanganyiko humo, koroga bila kuacha mpaka uzito uwe kama wa uji mzito. Epua, acha upoe kabisa kabla mtoto hajaugusa. Inashika karatasi na kadibodi vizuri, ila haishiki plastiki wala chuma. Tia kijiko cha chumvi, ifunike, iweke kwenye friji, na itakaa siku kadhaa. Ikianza kunuka, mwaga.

Kinyunya cha chumvi kinatengenezwaje?

Hapa nitakaa kidogo, maana hakuna kazi ambayo watoto huiomba tena na tena kama hii.

Vipimo vyangu ni vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini, na kikombe 1 cha maji kasoro kidogo. Unga uwe wa kawaida, usio na kiumuo (kitu cha kuufanya ufure). Changanya unga na chumvi vikiwa vikavu, kisha tia maji kidogokidogo. Kanda dakika 10 hivi, mpaka kinyunya kiwe laini kama ncha ya sikio. Kikinata vidoleni ongeza unga, kikimeguka lowesha viganja na ukande tena. Usiwaharakishe watoto hapa. Wakikipiga, wakikivuta, wakikinusa, ndiyo kazi yenyewe hiyo.

Sukuma unene wa nusu sentimita. Mdomo wa glasi hukata duara, kisu cha meza hukata nyota, na jani lenye mishipa likikandamizwa juu yake huacha mchoro ambao huwezi kuuchora kwa mkono. Toboa tundu la uzi kwa mrija kabla ya kukausha, sentimita moja kutoka ukingoni. Tundu likiwa ukingoni kabisa, pambo hupasuka papo hapo uzi unapovutwa.

Kukausha kwa oveni ni nyuzi 100 hadi 120 za Selsiasi kwa saa 2 hadi 3, ukiyageuza katikati. Kama huna oveni, yapange juu ya wavu mahali penye hewa na jua kwa siku 3 hadi 5, ukiyageuza asubuhi na jioni. Ukitaka kujua kama yamekauka, weka moja shavuni. Lenye maji ndani huwa na ubaridi, na lililokauka halina. Watoto hupenda kupewa kazi hii ya kupima kwa shavu.

Mapambo yangu ya kinyunya yameharibika. Nilikosea wapi?

Yakifura na kuwa ya kahawia, moto ulikuwa mkali au unga ulikuwa na kiumuo. Yakipinda, upande mmoja ulikauka kabla ya mwingine, kwa hiyo mwaka ujao geuza mara nyingi zaidi. Yakipata nyufa nyembamba, yalikauka kwa haraka mno au kinyunya kilikandwa kidogo.

Kulainika baada ya wiki mbili tatu ni jambo jingine. Chumvi huvuta unyevu wa hewani, na mahali penye joto la unyevunyevu nyota nzuri inaweza kunyong'onyea ukutani mbele ya macho yako. Dawa yake ni kuziba kila mahali: rangi pande zote mbili, kisha vanishi mikono miwili, pamoja na kingo na ndani ya tundu. Wengi hupaka mbele tu wakasahau nyuma, na unyevu huingilia hukohuko nyuma.

Ukitaka pambo jeupe, laini kama kauri, chukua vikombe 2 vya baikaboneti ya soda, kikombe 1 cha kornifulawa na kikombe 1 na robo cha maji. Pika kwa moto mdogo huku ukikoroga mpaka mchanganyiko ushikamane kama viazi vilivyopondwa. Funika kwa kitambaa kibichi mpaka upoe, kisha sukuma na ukate kama kawaida.

Mtoto akila kinyunya cha chumvi je?

Akilamba kidogo atatema mwenyewe kwa ukali wa chumvi. Kipande kikubwa ni hatari, kwa sababu kiasi hicho cha chumvi kinaweza kumdhuru mtoto mdogo. Mbwa yuko hatarini zaidi kwa kuwa hatemi, na kinyunya hiki kimewahi kuua mbwa. Mapambo haya yatundikwe juu, hata yakiwa yamekauka na kupakwa vanishi, na mabaki yasiachwe mezani.

Kwa walio chini ya miaka 3 angalia pia ukubwa wa vitu. Kitu chochote kinachopita ndani ya mviringo wa karatasi ya chooni kinaweza kumkaba: vifungo, shanga, kengele ndogo. Viweke kando mpaka akue.

Chembe za theluji za karatasi zetu hutoka na pembe nne au nane. Tunazipataje zenye sita?

Swali zuri, kwa sababu theluji halisi huwa na sita. Molekuli za maji zinapoganda hujipanga katika umbo la pembe sita, na chembe inapokua huchipua kutoka pembe hizo. Wilson Bentley, mkulima wa Vermont nchini Marekani, aliunganisha kamera na hadubini akapiga picha ya chembe moja mwaka 1885, na maishani mwake alipiga zaidi ya 5,000. Ukiwasimulia watoto habari hii kabla ya kukata, watakaa wakihesabu pembe.

Siri iko kwenye mkunjo. Chukua karatasi nyembamba ya mraba, ikunje kona kwa kona iwe pembetatu. Ikunje tena katikati iwe pembetatu ndogo. Sasa una kona moja ambayo ndiyo kitovu cha karatasi nzima. Kutoka kona hiyo, kunja upande wa kulia uje juu ya katikati, na wa kushoto uje juu yake, ili pembe ile igawanyike sehemu tatu zilizo sawa. Sogeza mpaka kingo zikutane sawasawa, na hapo tu ndipo ubonyeze mkunjo kwa kucha. Kata masikio yanayochomoza juu. Sasa toa vipande pembeni: pembetatu, nusu duara, mistari. Sehemu fulani ya kila mkunjo ibaki bila kukatwa, la sivyo itakuangukia vipandevipande.

Mkononi una tabaka 12, ndiyo maana karatasi nene haifai na mkono wa mtoto wa miaka 5 huchoka. Mkunjie wewe, akate yeye. Kukunjua kufanywe na yeye peke yake. Mwangalie uso wakati karatasi inafunguka.

Na nyota zenye umbo la kusimama, zile zinazotoka pande zote?

Iliyo maarufu kuliko zote ni nyota ya Moraviani, na inanigusa kwa sababu ilizaliwa darasani. Katika miaka ya 1830, kwenye shule ya bweni ya Wamoraviani, waumini wa kanisa la Kiprotestanti, mjini Niesky, Ujerumani, wanafunzi waliitengeneza kwa karatasi kama sehemu ya somo la jiometri. Inayojulikana zaidi ina pembe 26. Kijana wa miaka 12 mwenye rula na uvumilivu anaweza kuijenga kwa siku mbili tatu, pembe moja baada ya nyingine.

Ipo pia ya kusuka kwa vipande vinne virefu vya karatasi, inayoitwa kwa jina la Friedrich Fröbel (1782–1852), mwalimu Mjerumani aliyeanzisha shule za chekechea. Kila kipande kiwe na urefu wa kama mara 30 ya upana wake, kwa mfano sentimita 1.5 kwa 45. Hii huhitaji mtu wa kuonyesha hatua kwa hatua, na mara ya kwanza karibu kila mtu hukwama katikati.

Kwa wadogo, chukua vijiti 6 vya aiskrimu, unda pembetatu mbili, uzibandike moja ikiwa imepinduliwa juu ya nyingine. Imekwisha.

Tunawezaje kutengeneza pango la Krismasi?

Miviringo ya karatasi za chooni inasimama yenyewe, kwa hiyo kila mviringo ni mtu. Kata mmoja uwe mfupi kwa mchungaji mtoto, valisha vitambaa, chora nyuso. Boksi la viatu lililolazwa ubavu ndilo zizi, na ganda la nusu la njugu au kiberiti kitupu ndilo hori.

Watoto watakuuliza nani asimame wapi, basi jiandae. Wachungaji na hori wamo katika Injili ya Luka sura ya 2. Mamajusi na nyota wamo katika Mathayo sura ya 2. Mathayo hakutaja idadi ya mamajusi. Zawadi ndizo tatu: dhahabu, uvumba na manemane. Kwa hiyo mtoto akitaka kutengeneza mamajusi watano, muache. Mpwa wangu aliwahi kuniletea saba, wa mwisho amebeba mwavuli, na wote saba walisimama kwenye boksi mpaka Januari. Pango lenye watu na wanyama hai liliandaliwa na Fransisko wa Asizi huko Greccio, Italia, mwaka 1223, na hilo nalo ni simulizi zuri la kusimulia mikono ikiwa kazini.

Tutumie vumbi la kumetameta?

Mimi niliacha. Mengi ni plastiki iliyosagwa. Hukwama kwenye zulia, huingia machoni watoto wanapojifikicha, na yakioshwa huishia kwenye mito na bahari. Umoja wa Ulaya ulianza kupiga marufuku uuzaji wa yale ya plastiki yasiyoshikizwa mwezi Oktoba 2023. Chumvi ya mawe ikinyunyizwa juu ya gundi mbichi humeta vizuri chini ya taa, na karatasi za peremende zilizokatwakatwa hung'aa kuliko vumbi lolote.

Taa na mishumaa je?

Mishumaa ya moto isikae karibu na mapambo ya karatasi, hata kwa dakika moja ya kupiga picha. Tumia taa za LED, ambazo hazipati joto kama balbu za zamani za waya, na uzizime kabla ya kulala.

Zile taa ndogo za betri bapa, za duara kama sarafu, zina hatari ambayo wengi hawaijui. Betri hiyo ikimezwa na kukwama kooni inaweza kuunguza nyama ya ndani katika muda wa saa 2 tu. Hakikisha mfuniko wake umefungwa kwa skrubu. Ukishuku mtoto amemeza, mpeleke hospitali mara moja, usimtapishe, wala usingoje dalili.

Je, ni vibaya kurekebisha pambo la mtoto akishalala?

Ni vibaya, na nitakueleza kwa nini naamini hivyo.

Mwanangu wa kwanza alipokuwa na miaka 4 alitengeneza nyota ya kinyunya yenye pembe saba. Mbili zilikuwa nene kama kidole gumba, moja imejikunja kando, na tundu la uzi lilikuwa karibu katikati. Usiku nilikaa nayo, kinyunya kingali laini, nikakata pembe mbili na kuzinyoosha tano zilizobaki. Niliona ninamsaidia. Asubuhi alipita kwenye sinia akitazama moja baada ya nyingine, kisha akaniuliza, "Mama, yangu iko wapi?" Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa. Tulipotundika mapambo hakuigusa.

Krismasi iliyofuata alitengeneza nyingine, na hiyo sikuigusa mimi. Pembe moja ina alama ya kidole gumba chake, mistari ya ngozi yote inaonekana. Sasa ana miaka 16, na kila Desemba huweka kidole kwenye shimo lile kuona kama kinaingia. Kwa sasa inaingia ncha ya kidole kidogo.

Kama kitu kitavunjika usiporekebisha, mwite, mrekebishe pamoja. Kama ni pembe tu zimezidi, acha zizidi. Na mapambo ya watoto yakae mbele ya mti. Watoto hujua kabisa maana ya kuwekwa nyuma, upande wa ukutani.

Ameanza, kisha amekasirika na hataki tena.

Funga kazi, tokeni nje kidogo, mkirudi mpe sehemu nyingine ya kazi ileile. Nusu saa inamtosha mtoto wa miaka 4. Kama analinganisha kazi yake na ya kaka au dada yake mkubwa, wape kazi zisizofanana, mmoja afinyange na mwingine apake rangi.

Hatuna mti. Tutayatundika wapi?

Tawi kavu lililosimamishwa kwenye kopo la mawe linatosha. Au funga vijiti vitano kwa kamba, kirefu chini na kifupi juu, vitundike ukutani, na umbo la mti litajitokeza lenyewe. Dirisha nalo ni mahali pazuri kwa chembe za theluji, maana mwanga hupita kwenye matundu.

Tuyahifadhije mpaka mwaka ujao?

Andika jina la mtoto na mwaka nyuma ya kila pambo, kwa penseli, kabla ya vanishi. Utajiambia kwamba utakumbuka, lakini baada ya miaka mitatu hutajua lipi ni la nani. Madogo yapange kwenye trei za mayai, makubwa yafunge kwenye gazeti. Ya kinyunya yaweke kwenye kopo la bati lenye kifuniko cha kubana, kwa sababu ni unga, na panya na wadudu hawajali kwamba una chumvi. Kopo likae mahali pakavu, mbali na sakafu.

Ukilifungua mwaka ujao ukakuta pembe imevunjika, paka gundi nyeupe pande zote mbili, bana kwa kibanio cha nguo, na uache mpaka asubuhi.